Baiskeli katika Njia Tulivu za Milimani: Faida Zake na Hatari Zake



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia magonjwa na dawa zake. Safari hii tunazungumzia kinga ambayo familia nyingi za parokia tayari wanayo, imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba: baiskeli. Hatuna nia ya kumpeleka mtu kwenye barabara kuu akashindane na mabasi na malori. Tunazungumzia njia zile za milimani zinazopita kati ya mashamba na misitu, ambako gari hupita mara chache na unasikia ndege wakilia.

Tuchukue mfano wa Milima ya Usambara, mkoani Tanga. Kutoka Mombo, penye barabara kuu, hadi mjini Lushoto kupitia Soni ni kama kilomita 33, na katika mwendo huo mtu hupanda karibu mita 1000. Barabara hiyo ni ya lami, nyembamba, yenye kona nyingi na mabasi. Si mahali pa kujifunzia baiskeli. Lakini ukishafika juu, ziko njia za udongo zinazotoka Lushoto kuelekea Irente, Magamba na vijiji vya mbele zaidi. Huko utakutana na akina mama wenye vikapu vya kabichi na viazi, watoto watokao shule na miti mirefu ya mkulo yenye mbega juu yake. Njia za namna hiyo zipo pia Uluguru, Upare, Mufindi, Njombe, na kwa ndugu zetu wa Kenya huko Taita na Aberdare. Tutakayoeleza yanafaa kote huko.

MWILI UNAFAIDIKAJE?

Siku hizi zahanati za vijijini hupokea wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo zamani yalihesabika kuwa ya watu wa mjini. Moja ya sababu ni kwamba tunatembea kidogo kuliko wazazi wetu. Hata kilomita mbili za kwenda kanisani watu wengi huenda kwa bodaboda. Chakula ni kile kile, pengine na mafuta na sukari zaidi, lakini kazi ya mwili imepungua.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Watoto na vijana wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika 150 si nyingi: ni nusu saa kwa siku tano. Anayekwenda shambani kwa baiskeli dakika 15 na kurudi dakika 15 ametimiza.

Unapokanyaga pedali, misuli mikubwa ya mapaja huchoma sukari iliyo katika damu. Moyo hupiga kwa nguvu zaidi, na kwa kuzoea unakuwa imara hata wakati wa kupumzika. Mishipa ya damu hulegea vizuri, na shinikizo hushuka. Mwaka 2017 jarida la waganga la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 260,000 wa nchi hiyo. Waliokwenda kazini kwa baiskeli walionekana kuwa na hatari ndogo ya kufa katika miaka ile ya uchunguzi, pungufu kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliokwenda kwa gari au vyombo vingine vya abiria. Uchunguzi kama huo hauthibitishi kwamba baiskeli peke yake ndiyo iliyowalinda, kwa maana anayeendesha baiskeli huenda pia havuti sigara. Hata hivyo unakubaliana na yale tunayoyajua juu ya moyo na misuli.

Faida nyingine ni kwamba baiskeli hubeba uzito wa mwili wako. Mtu mnene au mwenye maumivu ya magoti, ambaye kukimbia kungemuumiza, mara nyingi huweza kuendesha bila shida katika sehemu ya tambarare.

KWA NINI NJIA TULIVU?

Mtu anayefanya kazi ngumu huvuta hewa mara nyingi zaidi ya aliyeketi. Akiwa nyuma ya lori, moshi wote huo huingia kifuani mwake. Katika njia ya msituni huvuta hewa safi. Tena, hatari kubwa kwa mwendesha baiskeli si baiskeli yenyewe. Ni kugongwa na gari. Njia isiyo na magari inaondoa hatari hiyo kwa sehemu kubwa kuliko kifaa chochote unachoweza kununua.

Kisha kuna faida ya moyo ule mwingine, tunaousema katika sala. Mtu mwenye mawazo mengi, mfiwa, au aliyechoshwa na ugomvi wa nyumbani, akienda polepole saa nzima mahali patulivu hurudi akiwa ametua. Usingizi wake huwa mzuri zaidi. Wengine husali Rozari wakiwa njiani. Hilo ni jema, mradi macho yabaki barabarani na mikono miwili ibaki kwenye usukani.

NANI AANZE KWA KUMWONA MGANGA?

Mlima si uwanja wa mpira. Watu wafuatao waende kwanza zahanati au kituo cha afya wakapimwe na kushauriwa:

1. Mwenye shinikizo la damu, au mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 ambaye hajapimwa kamwe. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, kinahitaji matibabu.

2. Mwenye kisukari anayetumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari. Kupanda mlima kunaweza kushusha sukari ghafla. Abebe sukari, glukosi au soda ya sukari, na awe na mwenzake. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akaanza kuchanganyikiwa, asimame na kunywa kitu cha sukari mara moja.

3. Mwenye pumu. Hewa baridi ya asubuhi huweza kuamsha pumu. Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni, si nyumbani.

4. Mwenye selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita. Kuchoka kupita kiasi, kukaukiwa maji na baridi ya milimani vyote vinaweza kuleta maumivu makali. Mtoto wa namna hiyo asilazimishwe kushindana na wenzake.

5. Aliyetoka kuugua malaria. Baada ya malaria bandama huweza kuwa limevimba, na mtu akianguka juu ya usukani linaweza kupasuka. Apumzike hadi mganga aseme yuko tayari.

6. Mama mjamzito. Aliyezoea baiskeli anaweza kuendelea polepole miezi ya mwanzo akikubaliwa na mkunga, lakini tumbo likishakua mizani ya mwili hubadilika na kuanguka ni rahisi. Hapo kutembea kwa miguu ni bora.

Na kila mtu afahamu hili: ukipata maumivu au uzito kifuani, yakienda begani au taya, ukapungukiwa pumzi kuliko kawaida au ukahisi kizunguzungu, shuka na kuketi. Tafuta msaada wa kufikishwa hospitali. Usijikaze eti umalize mlima.

BAISKELI YENYEWE

Huhitaji baiskeli ya gharama. Phoenix ya chuma ya babu inafaa, ila mlima wake mrefu utaukokota kwa miguu, kwa kuwa haina gia. Baiskeli yenye gia hukuwezesha kupanda kwa kukanyaga kwa wepesi. Iwe ya aina gani, mpelekee fundi, na wewe mwenyewe kagua kila unapotoka:

Breki: zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zikamate. Bonyeza na kuisukuma baiskeli, gurudumu lisizunguke. Raba za breki zilizolika zibadilishwe. Bei yake ni ndogo kuliko plasta ya mguu.

Magurudumu: tairi lisiwe na mpasuko, upepo utoshe, na spoku zisiwe zimelegea.

Usukani na siti: vikazwe visizunguke.

Kimo cha siti: keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunja kidogo tu. Siti iliyo chini mno ni chanzo kikubwa cha maumivu ya magoti, nayo hurekebishwa kwa spana tu.

Nguo: sketi ndefu, khanga na mguu wa suruali vifungwe visiingie kwenye mnyororo. Vaa nguo ya rangi nyeupe au njano ili uonekane katika ukungu. Ukirudi jioni uwe na taa.

KUPANDA

Wengi hushindwa mlima kwa sababu huuanza kwa kasi. Kanuni ni moja: panda kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako. Ukiweza kuimba, ongeza kidogo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Anayeanza aende dakika 20 siku tatu kwa wiki, kisha aongeze dakika tano tano kila wiki.

Kumbuka kwamba mjini Lushoto, karibu mita 1400 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga mjini. Anayetoka pwani atahema zaidi siku za kwanza, na hilo si ugonjwa.

Kushuka na kukokota si aibu. Misuli mingine hufanya kazi, mgongo hupumzika na magoti hupona. Hasa mwenye mzigo akokote.

Na tule nini? Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 20, akipanda mita 1000, mwili wake hutumia karibu kalori 900 hadi 1000 kwa kuunyanyua uzito huo tu. Ni sawa na kama robo kilo ya unga wa mahindi. Kwa hiyo asiondoke na chai ya rangi tupu. Uji, viazi vitamu, ndizi au mihogo saa moja au mbili kabla ya safari vinatosha. Njiani karanga na ndizi mbivu. Maji ni kama nusu lita kwa kila saa, na zaidi jua likiwa kali. Maji ya kijito cha msituni yanaonekana safi lakini juu yake kunaweza kuwa na mifugo na watu; beba yaliyochemshwa.

KUSHUKA

Hapa ndipo penye hatari. Nguvu yote uliyoiweka katika kupanda sasa inarudi, na lazima iende mahali. Nguvu ya yule mtu wetu aliyepanda mita 1000, ikigeuzwa yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha lita mbili za maji. Sehemu huchukuliwa na upepo, lakini anayeshuka polepole huku akibana breki muda wote anaitupa karibu yote kwenye raba na ringi. Raba zikipata moto mno hulainika na kuteleza, na mtu anashangaa breki zilizokuwa nzima nyumbani sasa hazikamati.

Fanya hivi: usisubiri kasi iwe kubwa. Bana breki zote mbili kwa nguvu kiasi, punguza mwendo, kisha achia kidogo zipoe, bana tena. Punguza mwendo kabla ya kuingia kona, si ukiwa ndani yake. Usibane ya mbele peke yake kwa ghafla, utarushwa juu ya usukani. Katika mteremko mrefu simama mara mbili au tatu, ushike pumzi na mikono ipumzike.

Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, baiskeli hupita mita 11 kila sekunde. Kabla vidole vyako havijagusa breki umeshapita urefu wa darasa. Mbuzi akikatiza, umechelewa. Mvua ikinyesha ringi za chuma hulowa na breki hukamata kwa kuchelewa sana. Tena udongo mwekundu wa milimani huwa kama sabuni. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mteremko mkali shuka kwa miguu.

Jambo jingine ni baridi. Umepanda ukatoka jasho. Sasa upepo unakupiga ukiwa umelowa, na ukungu wa Juni na Julai umeshuka. Vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki. Beba sweta au koti jepesi, na ulivae kileleni kabla ya kuanza kushuka.

Mzigo uwe chini na katikati, umefungwa kwa mpira usiolegea. Gunia la viazi lililo juu ya keria huisukuma baiskeli mbele kwenye mteremko na kuiyumbisha kwenye kona. Usimpakie mtoto mbele ya usukani. Miguu ya mtoto anayebebwa nyuma iwe mbali na spoku. Visigino vingi vya watoto vimekatwa hapo.

LINDA KICHWA

Huko Italia, juu ya Ziwa Como, kuna kilima chenye misitu kiitwacho Ghisallo, na juu yake kikanisa cha Mama Bikira Maria. Mwaka 1949 Papa Pius XII alimtangaza Madonna del Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Waendeshaji wengi, wakubwa na wadogo, hupanda hadi hapo kusali.

Ndani ya kikanisa hicho imewekwa baiskeli ya Fabio Casartelli, kijana wa nchi ile ile ya Como. Mwaka 1992 alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Barcelona. Tarehe 18 Julai 1995, katika mashindano ya Tour de France, alianguka akiteremka mlima wa Portet-d'Aspet huko Ufaransa. Kichwa chake kiligonga zege kando ya barabara, akafariki siku ile ile. Alikuwa na miaka 24, na hakuvaa kofia ngumu. Hakuna awezaye kusema kwa hakika kwamba kofia ingemwokoa. Lakini mwaka 2003, baada ya mwendeshaji mwingine, Andrei Kivilev wa Kazakhstan, kufa kwa jeraha la kichwa, chama cha kimataifa cha mchezo huo kilizifanya kofia hizo kuwa lazima mashindanoni.

Ikiwa bingwa wa Olimpiki aliweza kuanguka katika mteremko, sisi je? Mkusanyo wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya jeraha baya la kichwa kwa karibu theluthi mbili. Ikibane vizuri, ifunike paji la uso, na kamba ifungwe chini ya kidevu. Iliyokwisha kugongwa kwa nguvu isitumike tena, hata kama haina ufa unaoonekana.

AKIANGUKA MWENZAKO

Kwanza mwondolee hatari nyingine: simamisha wanaokuja nyuma. Kama hajitambui au anaumwa shingo, usimkalishe wala kumnyanyua ovyo. Tuliza kichwa kisigeuke mpaka wapatikane watu wa kumbeba akiwa amenyooka juu ya ubao au machela.

Damu ikitoka kwa wingi, bandika kitambaa safi na ukandamize kwa mkono bila kuachia. Michubuko ioshwe kwa maji safi mengi na sabuni. Usiweke majivu, udongo, kinyesi cha ng'ombe wala petroli. Uliza zahanati kuhusu sindano ya pepopunda. Mkono au mguu uliovunjika ufungwe banzi jinsi ulivyo, usinyooshwe.

Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa siku nzima hata kama anasema hajambo. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akisema ovyo, akipata degedege, au mboni za macho zisipolingana, apelekwe hospitali upesi, hata usiku.

Mbwa nao hupenda kufukuza baiskeli. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda siku ile ile ukachanjwe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakiponi. Chanjo ya mapema huzuia.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, baiskeli inaharibu uzazi wa msichana?
Hapana. Haya ni maneno ya mitaani. Baiskeli haigusi kizazi. Humfikisha msichana shuleni mapema na kuimarisha mwili wake.

Je, humpunguzia mwanaume nguvu?
Kuendesha kwa kawaida hakuna madhara hayo. Ukihisi ganzi sehemu za chini, siti inabana neva. Simama kidogo juu ya pedali kila baada ya dakika kumi, na siti isielekee juu mbele. Ganzi isipoisha, mwone mganga.

Mzee wa miaka 65 anaweza kuanza?
Anaweza, baada ya kupimwa, katika njia ya tambarare kwanza. Mlima utangoja.

TUANZE VIPI?

Chagueni Jumapili moja baada ya Misa, familia mbili au tatu pamoja. Tafuteni njia isiyo na magari, isiyozidi kilomita kumi kwenda na kurudi. Mwenye nguvu ndogo kuliko wote ndiye atangulie, wengine wafuate mwendo wake. Pitieni kwa mgonjwa au mzee asiyeweza kuja kanisani, mkamjulie hali na kusali naye. Kama mnataka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi kama ule wa Magamba, ulizeni kwanza ofisi ya hifadhi. Msiwashe moto wala kuacha takataka.

Mwili ni zawadi ya Mungu, nasi ni watunzaji tu. Breki nzima, kofia kichwani, mwendo wa kuzungumza: ukiyashika hayo matatu utapanda na kushuka salama. Mama Bikira Maria awasindikize njiani. Tukutane toleo lijalo.